Breki ya Shahida

Kila Ijumaa jioni, akishamaliza kufua sare zake na za nduguze, Shahida hakutulia nyumbani. Alikimbia hadi nyuma ya kibanda cha mboga cha Mama Haron, pale Kangemi, walikomngoja Haron na Kivuva na spana zao, huku baiskeli yao ya milimani ikiwa imeegemea ukuta.

Ilikuwa baiskeli ya watoto watatu, tena ya viraka. Fremu Haron alipewa na mjomba wake Njuguna, ikiwa imejaa kinyesi cha kuku. Magurudumu yenye tairi za meno Kivuva aliyapata kwa kumsaidia fundi likizo nzima. Na Shahida? Shangazi zake walipompa mkono wa Idi, wenzake wa madrasa walinunua viatu na peremende. Yeye alimpa baba yake pesa zile amtafutie breki ya mbele huko mjini alikokuwa na duka. Breki ya nyuma ilikuwa imechoka. Leo inashika, kesho inakataa.

Walipanda kwa zamu. Ijumaa moja walikutana, na zamu ya kesho yake, Jumamosi, ilikuwa ya Shahida.

"Tubadilishane," Haron akasema. "Kesho nataka kuteremka mlima wa mtoni."

"Hapana. Zamu ni zamu."

"Ah, wewe nawe! Sisi tulileta baiskeli. Wewe ulileta breki tu. Breki ni ya kusimama, bana. Sisi tunataka kwenda!"

Kivuva akaangua kicheko. Kesho Haron angepanda, wakaamua wawili wale, na hakuna aliyemtazama Shahida usoni.

Maneno yale yalimwasha kama pilipili jichoni. Wavulana walipoitwa kushusha magunia ya sukuma wiki, alibaki peke yake na baiskeli. "Kama breki si kitu," akajiambia, "basi hawataikosa." Akalegeza skrubu, akaitoa breki, akaifunga ndani ya mtandio wake. Waya aliuacha ukining'inia. Alijua watauona, waje mbio kumbembeleza. Akaenda zake bila kusema neno. Kwani ameiba? Kitu ni chake.

Asubuhi alitoka madrasa, akaketi na mama yake kuchagua mchele. Hakuna aliyekuja kumbembeleza. Mara Kivuva akachungulia mlangoni, anahema.

"Shahida, njoo uone sinema! Haron anateremka mlima. Amempakia Waithera mbele!"

Waithera alikuwa dadake Haron, mtoto wa chekechea.

"Kwani hamkuona waya?" Shahida akauliza.

"Waya gani?"

Ungo ukamponyoka, mchele ukamwagika sakafuni.

"Wewe mtoto, wenda wapi?" mama yake akamwita, lakini Shahida alikuwa amekwisha kutoka.

Mlima wa mtoni ni njia ya vumbi na mawe, na chini kabisa kuna kidaraja cha mbao kisicho na kingo. Alipofika, Haron alikuwa juu ya kiti, Waithera ameketi mbele yake kwenye chuma cha fremu, miguu inabembea.

"Haron! Usiende! Haina breki!"

Haron akacheka. "Wivu huo! Zamu yako imeenda!" Akasukuma ardhi kwa mguu, baiskeli ikaanza kuteremka.

Kusema kwamba breki haipo kulikuwa rahisi. Kusema ni nani aliyeitoa, hilo lilikuwa gumu. Shahida akamwona Waithera akipunga mkono.

"Nimeitoa mimi! Jana! Iko nyumbani kwetu!"

Hapo Haron akaamini. Akabonyeza breki ya mbele, mkono wa breki ukalegea kama uzi. Akabonyeza ya nyuma, ikalia tu. Akaburuta viatu, akakata usukani, wakatumbukia wote katika shamba la nyasi za ng'ombe.

Mama Haron alisikia kelele, akaja mbio na aproni yake. Kwanza alimwinua Waithera, akamwosha goti lililochubuka, akahakikisha hakuna kilichovunjika. Ndipo akauliza.

"Huyu alitaka kutuua!" Haron akafoka.

"Breki ilikuwa yangu," Shahida akasema, na machozi yakamshinda. "Nilidhani mtauona waya. Nilitaka mje mniombe. Nisamehe, Mama Haron."

Mama Haron hakumkemea. "Na mtoto anaondoaje breki yake bila sababu?"

Kivuva akatazama chini. "Haron alisema breki si kitu. Na mimi nikacheka."

"Haron," mama akasema polepole, "ulipokuwa unateremka pale, ungetoa nini upate hiyo isiyo kitu?"

Haron akafikiri. "Hata fremu, Mama."

Waithera, machozi yakiwa bado mashavuni, akacheka. Wengine nao wakashindwa kujizuia.

Mchana Kivuva alikaza spoki mpaka gurudumu lililopinda likanyooka. Shahida akaenda kuileta breki yake, akaifunga mwenyewe, Haron akimshikia skrubu zisipotee. Wakakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo, yeyote atakayeondoa kitu ataigeuza baiskeli juu chini, magurudumu yatazame mbingu, mtu asiipande. Na kabla ya kupanda, kila mmoja atajaribu breki zote mbili.

"Panda wewe," Haron akamwambia Shahida, bila kumtazama. "Zamu ilikuwa yako. Na breki... ni kitu."

Shahida akabonyeza ya mbele, akabonyeza ya nyuma. Mama Haron akamshika bega kabla hajaondoka.

"Mimi sikukatazi kukasirika. Walikudharau, ikakuuma. Lakini ukiudhika, sema. Ukiondoa chako, sema. Breki ni yako, mwanangu, ila wanaoitegemea ni wenzako."