Kondishna ya Binti wa Bango

Jumamosi ile duka kubwa lilifurika watu wanaogongana vikapu kana kwamba wiki ijayo kula kutapigwa marufuku. Kwenye rafu za vipodozi, mwanamke mmoja aliyevaa miwani nyeusi ndani ya jengo alikuwa akisoma maandishi ya nyuma ya chupa ya kondishna, huku akitupa macho kulia na kushoto kama mwizi. Gauni lake la zambarau lilimkaa barabara. Viatu vyake virefu vililia sakafuni kila alipohama. Nywele zilimmwagika hadi mgongoni, nyeusi, nzito, zinang'aa, na wala hazikuwa zake. Zilikuwa wigi, tena wigi la bei mbaya, na chini yake kilifichwa kichwa cha kusikitisha: nywele zimekatika huku, zimebaki huku, kama bustani iliyoingiliwa na mbuzi.

Huyo ndiye Binti. Jina alipewa na shangazi yake, mwenye saluni maarufu, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Shangazi alikuwa akitengeneza kondishna yake mwenyewe katika chumba cha nyuma: maji, unga wa kuyafanya mazito, mafuta kidogo, na marashi ya kuziba pua. Akaiita Siri ya Binti, kisha akambandika binti wa kaka yake kwenye bango kubwa barabarani, anatabasamu, ameshika chupa, wigi linapepea. Mji mzima ukanunua, maana watu wakiona picha nzuri hawaulizi tena maswali. Binti mwenyewe, ambaye nywele zake ziliunguzwa na dawa ya kunyoosha na rangi alizopakwa na shangazi huyohuyo, alikuwa amekuja kununua kwa siri kondishna ya watu wengine.

"Samahani dada, wewe si yule wa kwenye bango?"

Binti aligeuka. Mbele yake alisimama kijana aliyevaa ovaroli ya buluu, viwiko vimepakaa grisi, kichwani ana nywele nyingi, nene, zenye afya kiasi cha kumtia mtu wivu. Binti alimchukia papo hapo.

"Nafanana na watu wengi."

"Hapana bwana. Bango lako liko mbele ya jengo ninamotengeneza lifti. Nakuona kila nikitoka. Nimekuzoea kuliko shemeji zangu."

"Basi rudi ukapige soga na bango. Lenyewe lina subira."

Fundi lifti akacheka. Hapo ndipo Binti alipoiona chupa aliyoshika, akashindwa kujizuia.

"Hiyo unampelekea nani?"

"Mimi mwenyewe. Muuzaji kaniambia ndiyo kali kuliko zote."

"Kali! Unanunua kondishna au pilipili?" Alimpokonya chupa. "Hii imejaa protini. Ni ya nywele zilizoungua, zilizochoshwa na dawa na rangi. Zako ni nzima. Ukizishindilia protini kila wiki zitakakamaa kama ufagio wa chooni. Chukua hii hapa, nyepesi, ya kuzipa unyevu. Paka kuanzia katikati kwenda kwenye ncha, usisugue ngozi ya kichwa kama unaosha sufuria. Subiri kidogo, suuza, basi."

"Na hiyo yako wewe?"

Binti akaitazama chupa mkononi mwake. Ilikuwa ileile ya nywele zilizoungua.

"Ya jirani," alisema haraka.

"Mpe pole jirani."

"Usimpe pole. Kajitakia."

"Sasa nikikosea kuipaka nimpigie nani simu?"

"Wapigie zimamoto."

Alisema hivyo kwa midomo iliyobetuliwa, lakini namba alimpa. Dharau ya Binti ilikuwa ya mdomoni. Vidole vilishachapa namba kwenye simu ya fundi kabla mdomo haujamaliza kumtukana.

Ikawa simu asubuhi, simu mchana.

"Fundi, umetoka kuoga?"

"Nimetoka, mpenzi wangu. Nimepaka katikati kwenda kwenye ncha."

"Na ngozi?"

"Sijaigusa. Naiogopa kama ninavyokuogopa wewe."

"Afadhali uniogope. Na lile shati la jana, laazizi, ulimvua nani?"

"Nililinunua kwa ajili yako."

"Basi ulikuwa umenikasirikia."

Walitembea pamoja, wakala aiskrimu wamekaa kwenye ngazi za maktaba, wakawacheka wapita njia na mavazi yao. Binti aligundua, kwa mshangao ulioudhi, kwamba siku asiyomsikia Fundi ilikuwa siku chapwa. Shangazi alipopata habari aliangua kicheko mbele ya wateja, rola zikatikisika vichwani.

"Fundi lifti! Mtu anapanda na kushuka siku nzima na hafiki popote. Mwanangu, uso kama huo unaupeleka kwa mtu wa kujipaka grisi?"

Wateja wakacheka. Binti naye akacheka, na usiwasadiki wanaosema alicheka kwa uchungu. Alicheka kwa woga. Ilikuwa saluni ya shangazi, nyumba ya shangazi, na sura yake ilining'inia barabarani kwa hisani ya shangazi.

Mchana mmoja Fundi akapiga simu, sauti haina mzaha.

"Mpenzi, dada yangu anatumia Siri ya Binti. Kaona picha yako, kasema wifi yake hawezi kumdanganya. Lakini nywele zinabaki kwenye chanuo, mafungu mafungu. Alitia dawa ya kunyoosha, juu yake akaweka rangi. Aendelee nayo au aache?"

Binti alijua jibu. Alilijua vizuri kuliko alivyolijua jina lake. Nywele za namna ile zilihitaji protini ya kuzishika zisikatike, kisha unyevu wa kuzilainisha, kwa zamu. Maji ya unga yenye marashi yangezitelezesha tu, mtu ajione yuko sawa huku zinakwisha. Lakini shangazi alikuwa kwenye kiti cha pili pale saluni, anapaka kucha rangi, masikio yamesimama.

"Aendelee tu. Nywele zinataka muda."

"Una hakika?"

"Kwani mimi ni nani, Fundi? Si mimi ndiye wa kwenye bango?"

"Haya, malkia. Nitamwambia."

Shangazi akapuliza kucha zake, ameridhika. Hakuna aliyemshika Binti shingo wala kumwekea kisu. Alisema uongo akiwa ameketi kwenye kiti cha kuzunguka, feni inampuliza, kisha akaenda kunywa chai.

Jumapili iliyofuata Fundi alikwenda nyumbani kwa Binti bila taarifa, ameshika mfuko wa machungwa. Shangazi hakuwepo. Binti alidhani ni jirani aliyekuja kudai ndoo yake, akafungua mlango kichwa wazi, maji yanamtiririka shingoni, vipande vya nywele vimelala kwenye ngozi kama majani yaliyokanyagwa. Mkononi alikuwa na chupa ile ya dukani.

Fundi alitazama kichwa. Akatazama chupa, akaisoma. Akatazama kona ya chumba, ambako makasha ya Siri ya Binti yalipangwa hadi darini, hata moja halijafunguliwa.

"Mbona hukupiga simu?" Binti aliuliza, anahangaika kujifunika taulo.

"Kumbe," alisema Fundi. "Kumbe ndivyo ulivyo."

Akaweka machungwa chini, akashuka ngazi.

Binti alimpigia simu hadi jioni. Haikupokelewa. Usiku ule alilia, na asubuhi akaamua kwamba hakulia.

"Kaona kichwa, kakimbia," alimwambia shangazi.

"Si nilikwambia? Wanaume wanapenda kinachoonekana. Vaa wigi lako mwanangu, tuna kazi."

"Mwanamume mzima anatimuliwa na upara!" Binti alisonya. "Na kusema niliwahi kumwita laazizi."

Alimdharau siku nzima, kwa bidii. Alidharau shati lake, ovaroli yake, kicheko chake. Kila alipomaliza orodha alijikuta anaanza upya, jambo ambalo mtu aliyesahau halifanyi.

Jumamosi saluni ilijaa. Draya zinavuma, wateja wanasutana kwa sauti, shangazi anazunguka na tabasamu lake la kibiashara. Akaingia mwanamke mnene, mwenye macho ya Fundi kabisa, amefunga kitambaa kichwani.

"Wifi!" akamkumbatia Binti kabla hajakwepa. "Leo nimeona nije mwenyewe. Nipe chupa nyingine."

"Nyingine?"

"Mdogo wangu kanikataza nisinunue tena. Namuuliza kwa nini, hasemi. Namuuliza mmekosana nini, anasema ulimdanganya kuhusu mimi. Nikamcheka. Wewe unidanganye mimi kwa lipi? Nimekukosea nini?"

"Hakukwambia... kuhusu kichwa changu?"

"Kichwa chako kimefanyaje?"

Akafungua kitambaa. Kando za uso zilikuwa tupu. Utosini nywele zilisimama fupi fupi, zimechoka, nyingine zimekatika kwenye mzizi. Alitabasamu kwa aibu na kunyoosha mkono apewe chupa.

Kwa hiyo, Binti aliwaza, Fundi hakukimbia upara. Siri yake aliifunika, hata kwa dada yake wa kuzaliwa naye, na alichoshindwa kukimeza ni uongo tu. Siku zote hizi Binti alikuwa anamdharau mtu asiyestahili, wakati anayestahili alikuwa kila siku mbele ya kioo, anajipaka wanja.

"Mpe chupa mwenzako," shangazi alisema kwa meno yaliyobana.

Binti alishika wigi kwa mikono miwili, akalivua.

Draya ziliendelea kuvuma peke yake. Mteja mmoja akasema, "Mungu wangu!"

"Hii Siri ya Binti si dawa ya kitu," Binti alisema. Akaongeza sauti. "Sijawahi kuitumia hata mara moja. Ni maji ya unga. Mwenye nywele nzima haitamuua. Lakini wewe uliyeunguzwa na dawa, na wewe wa rangi pale, nunueni yenye protini, mbadilishane na ya unyevu, na nyuzi zilizokufa mzikate. Dada, usichukue chupa hii. Nilijua na nikanyamaza."

"Umerogwa?" shangazi alifoka. "Nimekulea, nimekuvisha! Na upara huo unadhani nani atakutazama?"

"Asinitazame. Wewe ulinitazama miaka yote, shangazi, na ukaendelea kunipaka dawa na rangi."

"Toka! Na kwangu usirudi."

Binti alichukua mkoba. Wigi aliliacha kwenye kaunta, limelala kifudifudi kama mlevi.

Dada mtu alimfuata nje, akamchukua. Walipofika kwake alimpa Binti mkasi. "Nikate," alisema, "halafu nikukate na wewe. Nimekasirika sana, lakini siwezi kukasirika na nywele hizi kichwani."

Fundi alipopita hapo akitoka kazini aliwakuta jikoni, dada yake ameinama kwenye sinki, Binti amekunja mikono ya gauni, anampaka kondishna polepole kwenye ncha. Vichwa vyote viwili vilikuwa vifupi.

"Umefuata nini hapa?"

"Nywele za wifi yangu. Wewe sijakufuata."

"Nimesikia ulichofanya saluni. Mji mzima unazungumza."

"Mji mzima hauna kazi." Binti hakuinua macho. "Nilidhani umekimbia kichwa changu."

"Kichwa? Nashinda kwenye mashimo ya lifti na panya, kichwa chako kingenitisha nini? Nilichukia kwamba ulijua."

"Nilijua. Nilimwogopa shangazi, na nilijipenda pale juu kwenye bango. Sina sababu nzuri zaidi ya hizo. Lakini na wewe, Fundi! Unasema 'kumbe', halafu unanipa mgongo? Mtu mwenye mdomo kama redio, siku ya kuutumia ukaumeza. Uliniacha mlangoni natiririka maji."

"Nilikuwa na hasira."

"Wenzako hukasirika kwa sentensi nzima."

Fundi aliinamisha kichwa. "Ni kweli. Nisamehe."

"Na wewe unisamehe. Dada, na wewe."

"Nitafikiria," ilisema sauti kutoka ndani ya sinki. "Suuza kwanza, shingo inakatika."

Fundi alisogea, akashika jagi la maji, akawa anamimina huku Binti anasuuza. Bega lake likagusa bega la Binti, na Binti hakusogea.

"Shangazi kakufukuza. Utakaa hapa kwa dada, halafu tutaoana."

"Unanitangazia kama lifti iliyoharibika? Niulize."

"Utakubali kuolewa na mimi?"

Binti alimtazama kuanzia kwenye buti hadi utosini, bila haraka, kama mtu anayekagua bidhaa asiyoiamini.

"Ndiyo. Sasa ondoka kwenye mwanga, simwoni ninayemsuuza."

"Amesema nini?" dada mtu alipiga kelele. "Masikio yamejaa maji!"

"Nimesema ndiyo!" Binti akapaza sauti, na jirani wa ghorofa ya juu akafungua dirisha kuuliza kuna nini.