Karatasi ya Geneva Mlangoni kwa Kathembo

"Kwa watu wote wa dunia, na hasa Kathembo wa Bwera. Mahakama Kuu ya Ulimwengu, iliyoketi Geneva, inakuamuru uiache nyumba ya mjane Tabisa kabla jua halijazama."

Mahakama hiyo Kuu ilikuwa imeketi jikoni, juu ya debe lililopinduliwa. Jaji wake alikuwa Ronah, binti wa Tabisa, miaka kumi na sita, mwanafunzi wa bweni aliyekuwa likizo ndefu. Muhuri ulikuwa kizibo cha soda kilichochovywa kwenye wino. Alfajiri, Ronah aliibandika karatasi kwenye mlango wa Kathembo kwa ugali.

Alikuwa na sababu. Baba yake alipofariki, wanaume wa ukoo walikutana siku ya kumaliza matanga. Walimpa Kathembo, mdogo wa marehemu, nyumba na shamba la kahawa. Tabisa arudi kwao Ibanda. Watoto wabaki na ukoo. Kathembo alileta magunia yake ya kahawa siku hiyohiyo, akayapanga sebuleni.

Tabisa hakuondoka; alikuwa ameshafungua kesi. Lakini Ronah alisikia redioni kwamba wajane wawili wa Tanzania walishinda huko Geneva mwaka uliopita, 2015. Akaona kesi ya Bwera inachelewa bure.

Karatasi ilimtisha Kathembo siku mbili. Siku ya tatu aliibandua.

"Nitaipeleka kwa hakimu," alimwambia Tabisa. "Aone mwanamke wewe unavyotengeneza makaratasi ya uongo."

Jioni alikuja Eseri, mwanasheria kutoka Kasese anayesaidia wajane bila malipo. Alikaa jikoni akisaidia kuchambua maharage.

"Kwa hiyo Geneva hawawezi kumtoa baba mdogo?" aliuliza Ronah, kana kwamba anauliza habari za mvua.

"Geneva hawana polisi Bwera," alisema Eseri. "Wale ni kamati ya Umoja wa Mataifa, si mahakama. Mtu hupeleka shauri kwao baada ya kuhangaika na mahakama za nchi yake. Na wakiamua, wanaiambia serikali. Hawamwambii shemeji."

"Basi uamuzi wao una faida gani kwangu?" aliuliza Tabisa.

"Faida ipo, mama. Uganda imekubali mkataba uleule wa haki za wanawake walioukubali Watanzania. Tena Katiba yetu inasema mila ikipingana nayo, mila haina nguvu. Katiba ndiyo inamfunga hakimu. Uamuzi wa Geneva unamwonyesha wengine waliuelewaje mkataba. Anaweza kuufuata, anaweza kuuacha. Mimi nitamwomba aufuate."

Eseri akatupa harage bovu. "Shida ni ile karatasi ya mlangoni. Nikitoa uamuzi wa kweli, shemeji atatoa wa uongo. Hakimu ataona vyote vimepikwa jiko moja."

"Nani mwenye akili ya kuandika ujinga ule?" alisema Tabisa.

Ronah aliinama akachochea moto, ingawa ulikuwa unawaka vizuri.

Siku ya kesi, hakimu aliisoma karatasi mara mbili.

"Imeishia na maneno 'Ni mimi mtiifu wako'," alisema. "Ulimwengu mzima unamtii Kathembo?"

Watu wakacheka. Kathembo hakucheka. "Tabisa ndiye aliandika, mheshimiwa."

"Si mimi niliyeiandika," alisema Tabisa.

"Mama, ukinidanganya kwa hili, nitakuamini vipi kwa mengine?" Hakimu aliinua karatasi. "Hivi ndivyo wanafunzi wanavyofundishwa kumaliza barua. Nani kwenu anasoma sekondari?"

Tabisa aligeuka polepole, akalitazama benchi la nyuma. Ronah alisikia masikio yakimchoma. Kama angekaa kimya, mama angeondoka Bwera akionekana mwongo, na wadogo zake wangebaki bila mama. Akasimama.

"Ni mimi, mheshimiwa. Mama hakujua. Hata Geneva hawakujua."

Hakimu alimkanya kwa muda mrefu. Kisha akaitoa karatasi kwenye faili. "Hii imekwisha. Bi Eseri, leta ile ya kweli."

Mwezi uliofuata hukumu ilisomwa. Kathembo alikataa kwenda kuisikiliza. Hakimu alisema Geneva haikumwamuru kitu. Katiba ndiyo iliyomwamuru, na maneno ya Geneva yalimsaidia kuiona njia. Tabisa akae katika nyumba yake pamoja na watoto wake. Shamba la kahawa ligawanywe kwa sheria, si kwa kikao cha ukoo.

Tabisa alimkabidhi Ronah nakala ya hukumu. "Unajua njia ya mlango wa baba yako mdogo," alisema. "Safari hii utabisha hodi."

Kathembo alipokea karatasi. Aliugusa muhuri kwa kidole gumba, akaunusa.

"Na hii? Wewe ndiye umeandika?"

"Hapana, baba mdogo. Ya kwanza ndiyo ilikuwa yangu, na ilikuwa uongo mtupu. Hii ni ya hakimu."

Kathembo alisoma mpaka mwisho, akatafuta yale maneno ya utiifu, asiyaone. Akaikunja vizuri.

"Ngoja nilete toroli," alisema. "Magunia yale ni mazito."