Shakila Alinifungia Mlango Dawa Ikinimwagikia

"Usinisogelee, Mujibu! Baki hukohuko!"

Huyo ni mke wangu wa ndoa, jamani. Mke wangu!

Bakuli la uji lilikuwa limemponyoka na kupasuka mlangoni. Mimi nimeng'ang'ania ukingo wa kitanda, mpira wa dripu umechomoka, dawa inachuruzika mkononi mpaka kwenye shuka, na damu inatoka pale sindano ilipokuwa. Nikamnyooshea mkono anisaidie.

Akarudi nyuma... akatoka... akauvuta mlango kwa nje!

Nikamsikia anapiga kelele koridoni. "Sista Cecilia! Njoo haraka, mimi siingii humo!"

Wadau, nimeogopa mara nyingi. Niliogopa siku ya kupasuliwa mpaka meno yakagongana. Lakini siku hiyo niliamini naachwa nife, tena na mtu ninayekula naye sahani moja.

Ngoja nianze mwanzo, msije mkamhukumu mtu bure kama nilivyofanya mimi.

Naitwa Mujibu, mtu wa Mkunya, Newala. Figo zangu zote mbili zilikufa. Dada yangu Adija akanipa moja ya kwake, nikapandikizwa Dar, nikarudi nyumbani natembea mwenyewe. Ila ukiwa na figo ya mwenzio unameza dawa za kushusha kinga kila siku, mwili usije ukaikataa. Kinga ikishuka, vijidudu vilivyolala vinaamka. Mimi viliniamkia virusi vinaitwa CMV. Homa, kuharisha, na macho yakaanza kuona ukungu.

Madaktari wa Dar wakaongea na hospitali moja hapa Masasi, nikalazwa chumba cha peke yangu. Dawa yenyewe inaitwa gansiklovia. Inapita kwenye mshipa kwa dripu, taratibu, saa nzima.

Sista Cecilia, muuguzi wangu, alinionya kabla hajanitundikia.

"Baba, hiki kigurudumu cha dripu usikiguse. Dawa ikienda mbio inaumiza figo ya dada yako. Na maji unywe."

"Nakunywa, sista."

"Hunywi! Nyie wa Newala mnabania maji utadhani bado mko huko juu mlimani. Hapa bomba lipo, kunywa!"

Nikacheka. Kweli, kwetu maji ni ya kuchota mbali, mtu mwenye adabu hamalizi kikombe.

Maelezo mengine aliwapa Shakila na dada Adija pembeni, maana mimi homa ilikuwa imenilaza chali. Hapo ndipo niliachwa gizani.

Mwanzoni Shakila alinihudumia haswa. Ananilisha, ananifulia mashuka, ananipepea kwa kanga yake. Halafu ghafla akabadilika! Anaishia mlangoni. Chakula anampa dada aniletee. Nikimwita, anasema simu inaita.

"Shakila, kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Mbona hunigusi?"

Akaangalia sakafu.

Hasira zikanipanda, nikaropoka. "Sema ukweli! Hata shuka langu siku hizi linakunukia vibaya!"

Machozi yakamlenga. Akaingia, akalivuta shuka lililokuwa limelowa dawa iliyovuja kwenye dripu, akaenda kulifua bila kunijibu. Na mimi nikajiona mwanaume nimeongea.

Kesho yake nikamsikia nje ya dirisha, anaongea na simu kwa sauti ya chini.

"Asijue kwanza... Mpaka bibi aje... Mimi chumba kile siwezi tena."

Sisi watu wa Newala tunajua. Mke ni wa watu wa mama yake, na bibi mzaa mama ndiye mwenye neno la mwisho. Bibi akifunga safari kuja kwa mkwe, mara nyingi kuna ndoa inavunjwa. Nikasema basi, simvutii tena, mwenzangu anarudishwa kwao nikiwa kitandani. Tena labda kuna mtu anamngoja.

Usingizi ukaisha. Kila nikifumba macho naona begi lake linatoka mlangoni.

Sasa siku hiyo, Sista Cecilia katundika dripu, kaweka mtiririko wake wa taratibu, katoka. Mara nasikia Shakila koridoni.

"Nakuja getini sasa hivi."

Getini? Kwa nani?

Nikaangalia dripu. Tone... tone... tone... Saa nzima nitakaa hapa mke wangu anaondoka?

Nikakishika kile kigurudumu, nikakifungulia chote!

Dawa ikashuka mfululizo. Mkono ukaanza kuwaka moto kutoka kwenye sindano kwenda juu. Kichwa kikazunguka, kichefuchefu, mapigo ya moyo nayasikia masikioni. Hapo ndipo maneno ya sista yakanirudia... figo ya dada yako! Nikahangaika kukifunga, kikanishinda. Nikasimama nikaite mtu, mguu ukanasa kwenye stendi, mpira ukachomoka.

Na Shakila akatokea na uji. Mengine mnayajua.

Sista Cecilia aliingia amevaa glovu, gauni na barakoa. Hakunisemesha kwanza. Alifunga dawa, akaziba damu, akaniosha mkono kwa sabuni na maji mengi, akakusanya shuka kwenye mfuko wa peke yake.

"Nani kaifungulia?"

Nikageuzia uso ukutani.

"Baba, nakuuliza. Nani?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Mke wangu alikuwa anaondoka..."

Akaniangalia mpaka nikatamani kitanda kinimeze. "Mkeo alikwenda getini kupokea uji kwa dada yako. Lete mkono huo mwingine, nitoe damu ya kupima figo."

Jamani, kusubiri majibu yale! Dada Adija alikaa kwenye kiti, ananipa maji kikombe baada ya kikombe. Mwishowe akasema.

"Mujibu, mimi sina nyingine ya kukupa."

Nilipatwa na woga ambao siwezi kuwaelezea. Kila nikienda haja ndogo naangalia kama mkojo bado unatoka.

Jioni ikafika, na bibi yake Shakila akafika, miguu na vumbi la safari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Nimechelewa, korosho zilikuwa zinaanguka, ningeziacha zingeoza."

Akakaa. Nikajua ndiyo hapo, talaka inatamkwa.

"Nimekuja na neno. Mjukuu wangu ana ujauzito."

"Nini?!"

"Ni wa kwako, usitoe macho. Uliingia kabla hujalazwa. Kwetu mimba ya kwanza mwenye tumbo hamwambii mume kwa mdomo wake. Nasema mimi, na sisemi kwenye simu."

Sista Cecilia alikuwa mlangoni. "Na mjamzito haigusi dawa hii, baba. Haandai, hafuti iliyomwagika, hafui shuka lililolowa nayo. Inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Nilimwambia siku ya kwanza. Alipojua ana mimba akakaa mbali."

Kumbe hakuwa ananikimbia. Alikuwa anakimbia na mwanangu!

Nikataka kucheka kwa furaha. Shakila, kasimama nyuma ya bibi, yeye alikuwa analia.

"Mujibu... siku ile uliponisema la shuka... nilikuwa nimeshajua."

"Umejua nini?"

"Kama nina mimba. Nililifua kwa mikono mitupu. Nilishindwa kukueleza, na nilishindwa kukataa."

Bibi akajifunika uso kwa kanga.

Majibu yalitoka. Figo ilikuwa imetikisika. Daktari akapunguza dozi kulingana na vipimo, dripu ikaendelea kwa saa yake, damu nikawa napimwa mara kwa mara. Maji sasa nakunywa mpaka bibi ananishangaa. Macho yanaona tena, figo ya dada imerudi kwenye mstari. Na kondomu ninatumia, maana dawa hii inaweza kudhuru mbegu za mwanaume, daktari kasema mpaka muda mrefu baada ya dawa kuisha. Msicheke.

Kuhusu mtoto, daktari alituambia ukweli. "Huenda hakuna kilichotokea. Siwezi kuwaahidi. Tutamfuatilia."

Juzi tumempima kwa picha. Moyo unadunda, tumeusikia wote wawili. Shakila alinishika mkono. Bado naogopa, wadau. Nitaogopa mpaka nimbebe.

Funzo langu ni hili. Dripu ya gansiklovia mwachie muuguzi, ukiwa na haraka au wasiwasi mwite. Na mkeo akikaa mbali, muulize kwa upole, usimtukane mpaka ashike kitu cha kumdhuru.

Bibi hajaruhusu habari hii itoke nje ya familia. Nimeshaitoa. Atanisema sana, na nitanyamaza mpaka roho yake ipoe. Lakini kama nyumbani kwenu kuna mgonjwa wa dawa hii, na kuna binti anayehisi ana mimba ila anangoja mkubwa aje aseme... mwambieni aseme leo.