Aliyeitika Kabla ya Mtoto

Kilichoanza ni harufu ya maziwa. Si maziwa mabichi, la. Ni yale yaliyosahauliwa kwenye sufuria mpaka yakafanya utando wa manjano, na harufu yenyewe ilitoka kwenye kibodi ya kompyuta. Idarus aliigeuza juu chini, akaipigapiga, akadondokewa kiganjani na ute mzito, wenye uvuguvugu, wa kuvutika. Akaunusa. Sijui watu hutafuta nini wanaponusa uchafu, lakini aliunusa, kisha akakimbilia chooni kutapika.

Kazi ya Idarus ilikuwa kuunda programu za kompyuta. Alikuwa amepanga mtaa wa Bombolulu na mkewe Kulthum, chumba na sebule, na kazi aliifanyia papo hapo sebuleni, kwa kampuni ya Nairobi ambayo wakubwa wake aliwaona kwenye skrini tu. Kulthum alikuwa mja mzito. Mimba mbili za kwanza ziliharibika, hii ndiyo iliyokaa, na mtu aliyezika matumaini mara mbili hana subira. Idarus hakuwa nayo hata kabla ya hapo.

Basi katika kazi ile kitu hupewa jina kwanza, kuundwa huja baadaye. Ukishakipa jina unaweza kukiita, hata kama ndani bado ni kitupu. Idarus akaona na mtoto ni vivyo hivyo. Akampa jina tumbo likiwa halijatokeza vizuri, kisha akairekodi sauti yake mwenyewe na kuipanga kompyuta, ikawa kila jua likitua inaliita jina lile kupitia spika iliyoelekezwa kwa Kulthum, ili mtoto azaliwe akimjua babake. Jina lenyewe sitalitaja. Msinilaumu, nina sababu.

Kulthum hakulipenda jambo lile hata kidogo. Kwao kijijini, Shika Adabu, jina huchaguliwa likawekwa moyoni, halitamkwi mpaka mtoto azaliwe, aadhiniwe sikioni, kisha ndiyo aitwe siku ya saba. Alimwambia mumewe kuwa magharibi ndio wakati wa wenyewe, majini, kupita, na kiumbe asiye na jina akisikia jina likiitwa na mwenyewe hayupo, atalichukua. Idarus akacheka, akasema hayo ni ya nyanya zake. Mwanamume akishasoma kidogo, jamani, haambiliki.

Jioni ya siku ile ya ute, kompyuta iliita kama kawaida. Chini ya meza kitu kikajibu. Halikuwa neno, ulikuwa mlio wa midomo midogo yenye mate, mwa, mwa, mwa, kama mtoto anayetafuta titi gizani. Idarus akainama kutazama, asione kitu, akajiambia ni spika imeingia maji.

Harufu ikazidi. Mercyline, jirani yao wa bara aliyezoea kuingia kwa Kulthum kunywa chai, alibisha hodi amejiziba pua, akauliza kama kuna panya amefia ndani. Wakasogeza viti, wakasogeza jokofu, panya hayupo. Nyuma ya meza ya kompyuta wakakuta kucha. Zilikuwa ndogo, laini kama zimelowekwa, rundo zima limegandamana na nywele na kile kile kiute, na Mercyline alipozizoa kwa ufagio zikanata kwenye ufagio na kuanza kunuka kama mdomo wa mtu aliyelala njaa. Ufagio ukatupwa. Mercyline hakuja tena kunywa chai, na mimi simlaumu.

Lililofuata ni baya zaidi, na anayekula aweke sahani chini kwanza. Kulthum aliamka usingizi wa mchana, dera lake limelowa kifuani. Akadhani maziwa yameshuka mapema. Akakamua kidogo kwenye kitambaa, yakatoka ya kijani, yana nyuzi, na kuzunguka chuchu kulikuwa na alama za meno, madogo madogo, safu ndani ya safu. Kliniki walimwambia mama anaongeza uzito vizuri ila mtoto tumboni anakonda, na hawakuweza kueleza kwa nini. Usiku ule alimvuta mumewe karibu, akamnong'oneza sikioni.

"Kuna anayenyonya, Idarus. Na si huyu wa tumboni."

Idarus alifuta programu yote siku ya pili, akachomoa spika, akachomoa na waya wa umeme ukutani. Jua likatua, nyumba ikanyamaza, wakatazamana wameshikana mikono kitandani, na hapo jina likaitwa, kwa sauti ile ile ya Idarus, taratibu, chini ya kitanda walichokalia, na lilipoitwa likajiitikia lenyewe, mwa, mwa, mwa, na godoro likaanza kulowa kutoka chini kuja juu, vuguvugu, mpaka Kulthum akahisi unyevu mapajani, akapiga ukelele akidhani mimba ya tatu nayo inatoka.

Haikuwa damu. Ilikuwa mate.

Bi Mwanasaumu aliletwa kutoka Shika Adabu, mwanamke mnene, mkali, aliyewatibu waja wazito na wazazi wa pande zile miaka mingi. Idarus alimwamkia shikamoo, akaitikiwa kwa pua iliyozibwa na mtandio. Bi Mwanasaumu akazunguka nyumba, akainua godoro, akatema mate dirishani. Akawaambia huyo si jini mkubwa. Ni yatima, katika wale wanaolamba mifereji na kula vya jaani, na mlangoni kwa mtu asingethubutu. Amethubutu kwa kuwa ameitwa. Naye anakula riziki ya mtoto kwa sababu ana jina la mtoto.

"Na babake ni wewe, mwanangu, kwa ulimi wako mwenyewe," alimwambia Idarus. "Mimi nitasoma, atatoka chini ya kitanda. Wewe utambeba hadi jaani, umkane kwa jina lake, ugeuke uje zako. Atakuita. Usiitike. Ukiitika umemkubali, na wa kumtoa tena simjui."

Akasoma. Idarus akafungwa kanga mgongoni kama yaya, kanga tupu, akajiona mjinga. Alipovuka kizingiti ikawa nzito. Akaenda, na kila hatua ule uzito ukizidi kujipanga mgongoni kwake, magoti yakimbana mbavu, tumbo bichi likimnata shati, kucha laini zikimkwaruza na kukatikia shingoni, kisha mdomo ukampata nyuma ya sikio ukaanza kunyonya, ukinyonya na kupumua, na pumzi ile ya maziwa yaliyooza ikimzunguka uso mpaka watu barabarani wakawa wanajiziba pua na kumpisha, na yeye machozi yanamtoka, matapishi yamemjaa mdomoni, akayameza, maana mikono yote miwili ilikuwa imeshika mzigo usianguke. Hata kuchukia alichukia akiwa amemshika vizuri.

Jaani alifungua kanga. Kitu kikateleza chini, kikalia chapa, kama utumbo umetupwa sakafuni. Hakutazama. Akalitaja jina, akasema wewe si wangu, sikukuzaa, sikujui. Akageuka.

"Baba."

Sauti ilikuwa safi. Haikuwa na mate wala uvundo, ilikuwa sauti ya mtoto mdogo aliyeachwa mahali asipopajua. Neno lile Idarus alilingoja mimba ya kwanza, akalingoja ya pili. Tena alilelewa na watu ambao mtoto akiitwa akanyamaza hupigwa kofi, na mkubwa akiitwa akanyamaza huonekana hana adabu. Kwao kuitika hakupiti akilini, kunatoka tu.

"Naam, mwanangu," akasema.

Nyumba ikasafika siku ile ile. Bi Mwanasaumu alimuuliza kama aliitika, akasema hakuitika. Kulthum akajifungua salama, mtoto wa kiume, mzito, na maziwa yake meupe na matamu. Siku ya saba mtoto akapewa jina jingine, nalo pia sitalitaja.

Sasa kila magharibi Idarus huaga kuwa anakwenda msikitini. Chini ya kanzu hubeba chupa ya maziwa aliyoyakamua Kulthum, maana maziwa ya ng'ombe, yule wa jaani huyatema. Kulthum hushangaa mtoto kumaliza upesi hivyo, akajikamua tena. Idarus huketi juu ya taka, akampakata, akamnywesha, akamfuta ute kidevuni kwa kiganja, na kiganja akajipangusia kanzuni. Siku hizi hatapiki. Anasema hasikii harufu.

Mtoto wa nyumbani bado hajui kukaa. Yule mwingine ameshasimama. Juzi alimshika Idarus kidole, wakatembea wote wawili mpaka wakaliona bati la paa la nyumbani, na hapo akasimama, akainua uso, akamuuliza babake, mdogo wake anaitwa nani.