Dada wa Upande wa Ukutani

Mteja alileta gauni lipunguzwe kiuno. Alipokuwa akipimwa, akamwuliza fundi cherehani, "Na yule dada yenu wa katikati, aliyekuwa akilala upande wa ukutani, yuko wapi siku hizi?"

"Kwetu tumezaliwa wawili tu," fundi akajibu, pini mdomoni.

"Hebu kumbuka vizuri. Alikuwa anakohoa."

Mteja hakurudi kuchukua gauni lake. Kesho yake, jua la utosi, fundi akasikia kikohozi chumbani, kikavu, cha mtoto. Alipoingia hapakuwa na mtu, ila harufu ya udongo mbichi.

Akamsimulia mdogo wake kama mzaha. Mdogo wake hakucheka.

"Dada, si ndiye alikuwa na gauni la kijani?" akanong'ona.

Fundi hakuwahi kufikiria rangi yoyote, lakini tangu dakika ile akaliona gauni la kijani, akauona na upindo wake uliofumuka, akakumbuka vidole vya baridi vikimshika mgongoni utotoni. Na kila walipokumbuka jambo jipya kikohozi kilisogea, kutoka chumbani hadi ukumbini, kutoka ukumbini hadi nyuma ya kiti cha cherehani, mpaka mama yao, aliyekuwa akiwakemea waache upuuzi, akaanza kupakua sahani ya nne.

Wakamwita mganga. Akawatenga, mmoja mmoja, akawauliza jambo moja tu: yule binti aliondokaje?

Mdogo alisema alichukuliwa na shangazi. Fundi alisema alitumbukia kisimani. Mama alisema, "Alikata roho mikononi mwangu."

"Mtu haondoki mara tatu," mganga akawaambia. "Hili jini haliingii kwa mlango, linaingia kwa swali. Mmeliumba wenyewe kwa vinywa vyenu. Msiulizane tena, na likikohoa msigeuke."

Walivumilia siku saba, shingo zimekakamaa. Ya nane, nyumba ikanyamaza. Harufu ikakatika. Fundi akalia kwa furaha.

Mama hakufurahi. "Mmenifukuzia mwanangu," alisema, akajitanda khanga, akatoka kupita nyumba kwa nyumba.

"Mnamkumbuka binti yangu wa katikati?"

Jirani wa kwanza alimwonea huruma. Wa pili alifunga mlango. Wa tatu aliacha kuanika nguo, akakunja uso akifikiri.

"Ngoja, mama," akasema taratibu. "Kama vile namkumbuka."