Tiki za Wiki Nzima

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Chiriku alimpa bibi yake kidonge cha kuzuia damu kuganda, kisha akatia tiki kwenye kadi iliyobandikwa ukutani. Bibi ndiye aliyempachika jina hilo, maana mdomo wa mjukuu wake haukujua likizo. Moyo wa Bibi ulikuwa ukienda mbio na kusita ovyo, na daktari alitaka asikose kidonge hata siku moja kabla ya matibabu ya kuutuliza hospitalini.

Wiki ya mwisho yakaja mazoezi ya netiboli. Ili kujirahisishia kazi, Chiriku akajaza tiki za siku zote saba kwa mkupuo, siku ya Jumapili. Kila jioni alirudi amechoka hoi, akalala. Bibi ni mtu mzima, alijiambia, atameza mwenyewe.

Siku ya matibabu, Chiriku na mama yake walimsindikiza Bibi hospitalini, na muuguzi aliuliza kama kuna kidonge kilichorukwa.

"Hata kimoja, mwanangu," Bibi akajibu kwa majivuno. "Mimi msahaulifu, lakini nikikuta tiki najua nimeshameza. Naenda zangu kulala."

Chiriku akazikumbuka tiki zile, akaona aibu na kuogopa kukiri. Kitanda cha Bibi kikaanza kusukumwa kuelekea chumba cha matibabu.

"Dada, ngoja!" akalia. "Tiki nilizijaza mapema. Bibi hakumeza, na sijui ni siku ngapi!"

Bibi akamkodolea macho. Muuguzi akakimbia kumwita daktari.

Daktari hakumgombeza. Alisema kabla ya kutibu chochote atapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya moyo, aone kama damu imeganda humo. Nchani mwake kuna kifaa kinachopiga picha kwa mawimbi ya sauti.

Chiriku na mama yake walikaa kwenye benchi karibu saa nzima, wote wakilia. Daktari alipotoka, aliwaonyesha picha. Kwenye kona ya moyo kulikuwa na bonge la damu, dogo kama punje ya mahindi.

"Lingeng'oka, lingeweza kukimbilia kwenye ubongo," alisema. "Nimesitisha matibabu. Ameze dawa wiki nane, kisha mrudi."

Wiki hizo zilikuwa ndefu. Bibi alihema hata akitoka uani tu, na Chiriku alijilaumu kila alipomsikia. Safari ya pili picha ilikuwa safi, daktari akamtibu, na mapigo ya moyo yakatulia.

"Usiandike kazi ambayo hujaifanya," daktari alimwambia Chiriku, "kwa sababu wenzako wataamini ulichoandika. Na ukikosea, sema, hata kama umechelewa. Ungenyamaza siku ile, huenda leo ningekuwa nawapa pole ya msiba."

Chiriku aliinamisha kichwa. Bibi akamshika mkono, wakaenda nyumbani.