Nenosiri la Mas Triyono

Kabla ya kwenda shule Wening alikuwa na kazi ya kufunga tempe, kitoweo cha soya iliyochachushwa. Mama yake, Bu Sarinten, alichemsha soya na kuzitia chachu, naye Wening akazifunga kwa majani ya mgomba, vifurushi themanini kila alfajiri, mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana kwa maji. Mvua ilikuwa haijakatika kijijini Kalisari kwa siku tisa. Kuni zilikuwa mbichi, nguo hazikauki, na watu walisalimiana kama waliokatizwa usingizi.

"Leo pia unakwenda kwenye zile kompyuta?" mama yake aliuliza.

"Leo Jumamosi, Mak. Mas Triyono anampeleka baba yake hospitalini."

"Shule, tempe, kompyuta. Una miaka kumi na tatu tu, Nduk, binti yangu. Hebu jitazame macho."

"Sijachoka," Wening alisema. Alikuwa amechoka.

Nyumba ya kusomea ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi ya kitongoji. Ilikuwa na rafu nne za vitabu na kompyuta sita kuukuu, zote zikitegemea mashine moja kubwa iliyokaa pembeni. Mas Triyono, yaani Kaka Triyono, kijana aliyeitunza, aliziwekea mfumo huria, ule usionunuliwa, ambao kanuni zake ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma na kuzirekebisha. Kila mtoto alikuwa na jina lake na folda yake, na hakuna aliyeweza kugusa kazi ya mwenzake. Aliyeweza kugusa vyote ni msimamizi peke yake, naye ni Mas Triyono.

Lakini figo za baba yake zilikuwa zimeshindwa kazi. Kila Jumatano na Jumamosi ilibidi ampakie kwenye pikipiki na kumpeleka mjini kusafishwa damu. Ndipo alipomwachia Wening chumba siku hizo, akamwandikia nenosiri lake kwenye kipande cha karatasi.

"Ni la printa tu, ikikwama," alimwambia. "Ukiliandika hili, mashine inajua ni mimi. Itakutii bila kukuuliza swali. Usilitumie kwa jambo jingine."

"Ndiyo, Mas."

Jumamosi ile watoto walijaa kwa sababu ya mvua. Darasa la saba walikuwa na kazi ya vikundi, na kila kikundi kilitaka kufungua mafaili ya wenzao.

"Mbak Wening, dada, huku inanikatalia."

"Mbak, na mimi. Inasema sina ruhusa."

"Tumieni fleshi," Wening alisema. "Nakilini, mpeane."

"Fleshi iko moja na ina maji," alijibu Ratri, rafiki yake. "Kwani wewe si una nenosiri? Tufungulie."

"Nimekatazwa."

Ratri aliwageukia wenzake. "Mmesikia? Siku hizi tunaye mkuu wa kijiji. Kesho tutaomba ruhusa ya kupiga chafya."

Wakacheka. Kalisari ni kijiji ambacho mlango wa jikoni haufungwi. Jirani huingia, huchukua pilipili, na kukuambia baadaye mkikutana kisimani. Anayefunga mlango husemwa kuwa mchoyo, na neno hilo huingia mbele yake kila nyumba atakayokwenda. Wening alilijua neno hilo. Siku ile lilitajwa mara tatu kabla ya adhuhuri.

Mara ya kumi na moja alipoitwa, miguu ilikataa kuinuka. Alitafuta kwenye mtandao, akaona mtu amejibu shida kama yake kwa amri ya mstari mmoja: kila mtumiaji apewe ruhusa ya kusoma, kubadili na kufuta kila kitu kilichomo ndani ya folda zote. Hakujua aliyejibu ni nani. Aliiandika, mashine ikauliza nenosiri, akaweka la Mas Triyono. Haikuuliza kingine.

Tangu hapo hakuna aliyemwita. Alilaza kichwa mezani, akasinzia kidogo.

Jumanne alasiri, Pak Suwarno, mkuu wa kitongoji, aliwakusanya wote waliokuwa wakitumia nyumba ile, pamoja na wazazi. Folda ya darasa la tisa ilikuwa haipo. Ndani yake mlikuwa na picha za vyeti na fomu za watoto kumi na moja wanaoomba nafasi za sekondari ya juu, na maombi yalikuwa yanafungwa Alhamisi saa sita mchana. Vyeti vyenyewe vilikwisharudishwa shuleni, na mwalimu mwenye ufunguo wa kabati alikuwa mjini hadi Ijumaa.

Pak Suwarno alishika karatasi iliyochapwa. "Mashine huandika kila anachofanya msimamizi. Hapa inasema Jumamosi, saa nane na dakika kumi, Triyono alifungua folda zote. Sasa, Tri, wewe uliniambia Jumamosi ulikuwa hospitalini."

Mas Triyono alikuwa amesimama karibu na mlango, koti la mvua likimdondoka maji. Aliisoma karatasi. Hakumtazama Wening hata kidogo.

"Ni jina langu, Pak," alisema. "Kosa ni langu. Samahani sana."

"Samahani haitawapeleka watoto shule. Kesho jioni utaniletea funguo. Atatafutwa mwingine."

Mama mmoja alianza kulia, polepole, kama mtu asiye na nguvu ya kulia. Wening alikikunja kile kipande cha karatasi mfukoni. Wakatawanyika.

Alfajiri ya Jumatano Bu Sarinten alitazama kifurushi mkononi mwa binti yake, akakitazama na kilichotangulia.

"Umegeuza majani, Nduk. Upande wa nje uko ndani. Kumi na viwili sasa. Kuna nini?"

Wening aliendelea kufunga. Halafu akaacha. "Mak, siyo Mas Triyono. Ni mimi."

Alieleza yote: karatasi, printa, Ratri, amri ya mstari mmoja. Mama yake hakuelewa nusu ya maneno, maana aliishia darasa la sita, lakini alielewa yaliyobaki. Alikaa kwenye kigoda akapangusa mikono kwa kanga aliyojifunga kiunoni. Hakumpiga, wala hakupaza sauti.

"Anaondoka saa ngapi kwenda mjini?"

"Saa kumi na mbili."

"Vaa ndara."

Soya zikabaki kwenye ungo. Walimkuta Mas Triyono uani akimfunga baba yake kitambaa kiunoni asianguke kwenye pikipiki. Wening alisema yote kwa mara ya pili, akiwa amesimama kwenye mvua.

"Nilijua ni wewe," Mas Triyono alisema. "Karatasi nilikupa mimi."

"Mbona hukusema?"

"Ningekusemaje mbele ya watu wote?" Kisha akakunja uso, akifikiri. "Ngoja. Uliwapa wote ruhusa ya kufuta? Mimi nilidhani ulizifungua kusoma tu na diski ndiyo imeoza, nikapanga kuifuta yote leo jioni niiweke upya. Kama ni mtu ameifuta folda tu, basi bado ipo."

Baba yake, kutoka juu ya pikipiki, akasema, "Nenda. Hospitali haihami."

Walifungua nyumba ya kusomea. Mas Triyono alipitia mapipa ya taka ya watumiaji, mnamokaa vilivyofutwa, moja baada ya jingine. Kwenye pipa la Tegar, mtoto wa miaka tisa, chini ya video za mashindano ya kuku, ilikuwapo folda ya darasa la tisa, nzima. Tegar alikuwa akitafuta nafasi ya video zake. Mashine haikumkatalia.

Kabla ya saa moja Wening alibisha kwa Pak Suwarno, mama yake akiwa nyuma yake hatua mbili. Alisema yote kwa mara ya tatu. Pak Suwarno akamwachia Mas Triyono funguo, naye akampeleka baba yake mjini. Mchana maombi kumi na moja yakatumwa.

Jumapili Mas Triyono alibadili nenosiri lake, akazifunga tena folda, akafungua faili la kanuni za ruhusa, akaongeza mstari mmoja. Aliuchapa akaubandika ukutani. Ulisema kwamba Wening, kwa jina lake na nenosiri lake mwenyewe, anaweza kuiwasha upya printa. Basi.

"Mfumo huu ni wetu," aliwaambia watoto. "Hakuna bwana wa mbali anayetufungia, kwa hiyo ni sisi tunaoamua nani aguse nini. Na mimi nilikosea. Nilimpa mtoto jina langu badala ya kumpa kazi yake."

Bu Sarinten alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha tempe. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu, lakini siku ile alisema.

"Mimi kompyuta sizijui. Ninachojua ni kwamba binti yangu alichoka, akaona aibu kusema, akafungua kila kitu ili aachwe apumzike. Wanangu, ukichoka sema umechoka. Ukikabidhiwa kitu cha mtu, kitumie kwa kile ulichoambiwa, hata wakikuita mchoyo. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwenzako hajalibeba kosa lako."

Printa ikakwama muda huohuo. Wening aliinuka, akaandika nenosiri lake jipya. Kwenye kumbukumbu za mashine, chini ya majina yote ya Triyono, likaandikwa: Wening.

Akarudi kukaa. Ratri alipomwita amfungulie folda ya kikundi kingine, alimjibu bila kugeuka, "Waombe wenyewe. Mimi nimechoka."